Elif si "mwembamba" tu: ombi kuhusu jina la Kituruki

Mhariri,

Tangu tamthilia za Kituruki zianze kutiwa sauti za Kiswahili, majina ya wanawake wa Uturuki yamezoeleka masikioni, na magazeti nayo hayana budi kuyaandika: kwenye habari za wasanii, za michezo, za siasa, na kwenye zile safu fupi za "maana ya jina". Naomba nafasi nizungumzie jina moja tu, Elif. Kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa majina yanayopewa sana watoto wa kike nchini humo, na kwa maoni yangu ndilo linaloelezwa vibaya kuliko yote, ilhali msomaji wa Kiswahili yuko karibu nalo kuliko anavyodhani.

Safu hizo huandika kwamba Elif ni "msichana mrefu, mwembamba", basi. Si uongo, ila ni kumweleza mtu kivuli bila kumwonyesha mti. Elif ni alifu. Ndiyo herufi ile ile inayotangulia hati ya Kiarabu, ambayo sisi husema juu ya mtu asiyejua kusoma kwamba hajui alifu kwa kijiti. Waturuki nao wana msemo wao kwa mtu wa namna hiyo: "Elifi görse mertek sanır", yaani hata akiiona elif hudhani ni boriti. Misemo hiyo miwili imetoka mbali na mbali, lakini yote imeitazama herufi kwa jicho moja: mstari mmoja uliosimama peke yake. Urefu, wembamba na unyoofu vilikuwa vya herufi kwanza, ndipo msichana akavishwa. Hata leo mtu aliyesimama wima vizuri husemwa "elif gibi", kama elif.

Wanaotunga orodha za majina hukosea kwa njia mbili, na zote zina sababu. Ya kwanza ni kuandika kwamba Elif maana yake ni "rafiki" au "aliyezoeleka". Maana hiyo ni ya neno jingine la Kiarabu, alīf, ambalo irabu yake ya pili huvutwa. Katika hati ya Kiarabu mvuto huo una herufi yake, yaa, kwa hiyo maneno hayo mawili hayafanani machoni. Katika hati ya Kilatini inayotumiwa na Waturuki leo yote mawili huangukia kwenye "elif", isipokuwa mwandishi makini atakapoweka kofia juu ya i: elîf. Kamusi za majina za Kituruki huziorodhesha maana zote mbili pamoja, na anayenakili bila kutazama mzizi huchagua ile inayompendeza. Njia ya pili ni ya wanaopenda kuchimba mno: kwa kuwa herufi hiyo ilitokana na alefu ya Wafoinike, ambayo jina lake lilimaanisha ng'ombe, huandika kwamba Elif ni "ng'ombe dume". Hiyo ni historia ya umbo la herufi, ya maelfu ya miaka kabla Waturuki hawajaanza kuitumia hati ya Kiarabu. Hakuna mama wa Ankara au Konya anayemwita bintiye hivyo akimaanisha ng'ombe.

Kwa nini basi herufi ikawa jina la mtoto? Hapa pana mengi, na ndipo safu fupi zinapomnyima msomaji.

Sababu ya msingi ni ya dini. Katika hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ina namba yake, alifu ni moja. Jina la Mwenyezi Mungu linaanza nayo, na sura sita za Kurani zinafunguliwa kwa alifu, lamu, mimu. Masufi wa Anatolia, sehemu ya Uturuki iliyo Asia, waliiona herufi hii kuwa alama ya upweke wa Mungu: imesimama wima, haina nukta, na katika maandishi haiungani na herufi inayoifuata. Yunus Emre, mshairi aliyeishi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, alimwambia mwalimu wa dini kwamba maana ya vitabu vinne imo ndani ya elif moja, kisha akamuuliza: wewe unasema "elif", je, maana yake ni nini? Swali hilo Waturuki wanalijua kwa moyo mpaka leo. Mzazi wa Kiislamu anayetaka jina lenye harufu ya Kurani lakini lisilo jina la mtu fulani wa kale, kama yalivyo Zeynep, Fatma au Hatice, hulipata hapa.

Kisha kuna mkono wa mwandishi. Sanaa ya khati, yaani kuandika herufi za Kiarabu kwa uzuri, ambayo Waturuki huiita hüsn-i hat na ambayo mwaka 2021 iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, huipima herufi kwa nukta. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa vipimo hivyo. Kalamu ya tete hukatwa ncha kwa mshazari, ikagandamizwa mara moja karatasini ikatoa nukta yenye pembe nne. Nukta hiyo ndiyo rula. Katika hati ya thuluthi, mmoja wa mitindo ya khati, kimo cha alifu kwa kawaida ni nukta 7. Herufi nyingine hupimwa kwa kulinganishwa nayo, na ndiyo maana mwanafunzi akiikosea alifu, ukurasa mzima hupinda: akiirefusha, herufi za jirani huonekana vibeti, akibadilisha pembe ya kalamu katikati ya mstari, nukta yenyewe imebadilika na kipimo kimekufa. Tena alifu ya thuluthi haisimami kama msumari. Ina mpindo mdogo sana, na kichwani ina ndoano ndogo ambayo mafundi wa Kituruki huiita zülfe, kutokana na neno la shungi la nywele linaloshuka shavuni. Aliyeipa ndoano ile jina hilo alikwisha kuiona herufi kama mtu, na mtu huyo ana nywele ndefu.

Washairi wa kasri la Osmani, dola iliyoitangulia Uturuki ya leo, waliliendeleza jambo hilo hadi likawa kanuni. Kimo cha mpenzi ni elif, kinywa chake kidogo ni mimu, herufi yenye kiduara. Anayependa naye huanza akiwa elif, halafu huzuni humkunja mgongo akawa dali, herufi iliyopinda. Walisema pia kwamba anayependa akizidiwa hujichora jeraha la elif kifuani kwa kisu, na usemi "elif çekmek", kuvuta elif, ulibaki katika ushairi kwa maana hiyo.

Lakini aliyeifanya Elif kuwa jina la msichana wa kijijini, mwenye mikono na macho, ni Karacaoğlan, mshairi mzururaji wa karne ya 17 kutoka kwa Waturukimani wa milima ya Toros. Katika shairi lake linalojulikana kuliko yote, theluji nyepesi inaanguka na kutimka ikisema "Elif, Elif". Moyo uliorukwa na akili unatangatanga ukisema "Elif, Elif". Mikono myeupe inashika kalamu nayo inaandika "Elif, Elif". Tazama alivyofanya: msichana anayeitwa kwa jina la herufi ndiye anayeandika, na anachokiandika ni jina lake, yaani herufi. Kila mshororo una mizani 8, na kuanzia ubeti wa pili mishororo mitatu hufungwa kwa kina kimoja huku wa nne ukirudia kibwagizo kile kile. Msomaji aliyekulia kwenye tenzi zetu atalitambua umbo hilo papo hapo, na huenda ndiye atakayelifurahia kuliko Mzungu anayelisoma kwa tafsiri. Shairi hilo huimbwa hadi leo, na sidhani kama kuna jambo jingine lililolibeba jina hili hadi kwenye nyumba za watu kuliko wimbo huo.

Palikuwa pia na shule. Mtoto wa zama za Osmani alianza masomo kwa sherehe iliyoitwa bed-i besmele, na kwa desturi ilifanywa akitimiza miaka minne, miezi minne na siku nne. Watoto wenzake walimsindikiza kwa maandamano wakiitikia "amina", yeye akiwa na mfuko uliotariziwa wenye kitabu cha kwanza, elifba. Akibusu mkono wa mwalimu, akisoma dua ya kuomba wepesi, jambo la kwanza alilotamkishwa lilikuwa elif. Kwa hiyo vizazi na vizazi vya Waturuki viliihesabu herufi hiyo kuwa neno lao la kwanza la elimu, na jina Elif bado hubeba maana hiyo ya mwanzo.

Ndipo ukaja mwaka 1928. Sheria namba 1353 ya tarehe 1 Novemba iliondoa hati ya Kiarabu na kuweka alfabeti ya Kilatini yenye herufi 29. Magazeti, matangazo na vibao vya madukani vilitakiwa viwe vimegeuzwa ifikapo tarehe 1 Desemba mwaka huo huo, mwezi mmoja tu, jambo ambalo wewe Mhariri unaweza kulipima kuliko mimi. Vitabu vilifuata tarehe 1 Januari 1929. Herufi elif ikatoweka barabarani na madarasani, ikabaki msikitini, makaburini na kwenye karakana za khati. Jina halikutoweka. Leo Elif wengi hawawezi kuisoma herufi wanayoitwa.

Dola mpya nayo ililipa jina hili kazi mpya. Wakati wa Vita vya Uhuru vya Uturuki, silaha zilizoshushwa bandari ya İnebolu katika Bahari Nyeusi zilipelekwa Ankara kupitia Kastamonu kwa kağnı, mikokoteni ya ng'ombe yenye magurudumu ya mbao yasiyo na tindi, ambayo mhimili wake huzunguka pamoja na magurudumu na kutoa mlio wa kukereza unaosikika mbali. Walioiongoza walikuwa wanawake wa vijijini kwa wingi. Mshairi Fazıl Hüsnü Dağlarca (1914–2008) aliandika juu ya mmoja wao akamwita Elif: usiku wa giza mlio wa mkokoteni unarefuka na kukonda "elif elif", ng'ombe wake Kocabaş anaanguka kwenye matope, naye Elif anajifunga nira mwenyewe. Shairi hilo limesomwa na watoto wengi wa shule nchini Uturuki. Kwa hiyo, anayeandika kwamba jina hili ni la wororo na madaha tu amelisahau bega lililovuta mkokoteni.

Kuhusu kumpa mtoto jina, msomaji wa Kiislamu hatakuta geni. Mzee wa familia, baba au imamu humwadhinia mtoto sikio la kulia na kumkimia la kushoto, kisha hulitaja jina mara tatu. Serikali nayo hutaka taarifa ya kuzaliwa ifike ofisi ya usajili ndani ya siku 30 kwa aliyezaliwa Uturuki, na siku 60 kupitia ubalozi au konseli kwa aliyezaliwa nje. Mara nyingi Elif huja na mwenzake: Elif Nur (nuru), Elif Su (maji), Elif Naz (deko), Elif Ece (malkia). Hapa mwandishi wa habari aangalie kitambulisho, kwa sababu Elif Nur na Elifnur ni usajili tofauti, na wapo ambao jina la pili ndilo wanaloitwa kila siku. Kuliacha moja ili kichwa cha habari kitoshe ni kumpa mtu jina ambalo halimo kwenye karatasi zake.

Sasa nije kwenye ombi lenyewe, kwa wahariri na wapanga kurasa.

Kosa kubwa liko kwenye nukta. Kituruki kina i mbili: yenye nukta, ambayo kubwa yake ni İ, na isiyo na nukta, ı, ambayo kubwa yake ni I. Ni herufi mbili na sauti mbili. Ile ya pili hutamkwa ulimi ukiwa umerudi nyuma, na Kiswahili hakina sauti hiyo. Elif ikiandikwa kwa herufi kubwa ni ELİF. Ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye programu ambayo haijaambiwa kwamba neno ni la Kituruki, utapata ELIF, na Mturuki atalisoma "elıf", neno lisilo na maana. Kuna mtego wa pili ndani ya kompyuta: programu zilizowekwa Kiingereza zikiigeuza İ kuwa ndogo, nyingi hutoa i ya kawaida pamoja na nukta ya ziada inayohesabiwa kuwa alama ya pekee. Kwa macho huoni tofauti, lakini anayetafuta "elif" kwenye hifadhi ya habari hapati kitu. Dawa ni kuongeza kibodi ya Kituruki kwenye simu au kompyuta, au, kwenye programu ya Word, kuandika 0130 na kubonyeza Alt pamoja na X, itageuka İ. Kwa ndogo isiyo na nukta namba ni 0131. Vichwa vya habari viandikwe kwa mkono, visiachiwe kitufe.

Sehemu moja tu ELIF bila nukta si kosa: mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine, ambayo kwa upande wa herufi hukubali A hadi Z tu. Tiketi za ndege hufuata mtindo huo huo. Mwandishi asinakili jina la mgeni kutoka kwenye tiketi.

Alama ya mkato inayoning'inia nayo huwachanganya wengi. Kituruki hubandika viambishi mwisho wa jina na kuvitenga kwa alama hiyo: Elif'in (ya Elif), Elif'e (kwa Elif), Elif'ten (kutoka kwa Elif). Ukinakili maelezo ya picha kutoka gazeti la Kituruki, kata kila kilicho baada ya alama hiyo. Jina linaishia kwenye f. Elifçiğim haina alama hiyo, nayo si jina jingine: ni namna ya kumdekeza, "Elif wangu mpenzi".

Hanım si jina la ukoo. Elif Hanım ni "Bi Elif", na ndivyo Waturuki wanavyomwita mwanamke kwa heshima ofisini, hospitalini, benki: jina lake la kwanza, kisha Hanım. Kumwandika "Bi Hanım" ni kumwita "Bi Bibi". Aliye mkubwa kidogo kwa umri huitwa Elif Abla, dada. Aliye rika la mama huitwa Elif Teyze, mama mdogo au mkubwa wa upande wa mama, hata kama hamna udugu. Watafsiri wa tamthilia wakiliacha "abla" bila kulifasiri, mtazamaji hudhani ni jina la pili.

Matamshi ni mepesi kwetu. Mkazo wa Kituruki uko silabi ya mwisho: e-LIF. Mswahili anayetamka Elif kwa mazoea hukaza silabi ya kwanza, akakosea. Akiongeza irabu akasema Elifu, mkazo unahamia -li-, mahali pale pale anapouweka Mturuki. Kwa hiyo mtangazaji anayesema Elifu asikemewe sana. Ila kwenye karatasi jina lisiongezwe u. Na wala lisigeuzwe Alif, kwa sababu Alif ni jina la kiume katika Indonesia na Malaysia, na msomaji atamdhania binti wa Kituruki kuwa kijana wa Jakarta.

Miongoni mwa herufi nyingine zinazohitaji uangalifu huo huo ni hizi: ş husomwa sh, ç husomwa ch, na c husomwa j. Kwa hiyo Ayşe ni Aishe, na Hatice ni Hatije, Khadija wetu. Kwenye kifungu kirefu inatosha kuandika jina kwa tahajia yake mara zote na kuweka matamshi kwenye mabano mara ya kwanza tu.

Kwa safu ya majina napendekeza maelezo haya, ambayo hayazidi nafasi mnayotoa sasa: "Elif: jina la kike la Kituruki, ni alifu, herufi ya kwanza ya hati ya Kiarabu, ishara ya upweke wa Mungu na ya mwanzo wa elimu, katika ushairi, kimo kirefu na chembamba cha mpenzi."

Msomaji wenu